Mashua Juu ya Boma la Odundo

Obwocha alirejea Kiogoro, kijijini kwao milimani, akiwa nyuma ya lori, ameketi ndani ya mashua yake mwenyewe kama mtu anayesindikiza maiti. Ubavuni mwa mashua kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Watu waliokuwa wakitoka sokoni walisimama kutazama. Miezi michache nyuma walisimama vivyo hivyo, walipomwona akiiunda nyuma ya migomba, mahali ambapo maji ya karibu ni kijito ambacho mbuzi hukiruka bila kulowa, wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Safari hii hawakucheka. Walimsaidia kuishusha na kuipindua juu ya magogo, wakaenda zao.

Dada yake Mokeira alikuwa uani akipura maharagwe. Aliacha fimbo, akasogea, akapitisha kidole kwenye ukingo wa lile tundu. Mbao zilikuwa zimesukumwa kwa ndani, na kati ya nyuzi zake kulikuwa kumenasa gamba jeusi lililooza. Hakuhitaji kuuliza. Ulikuwa mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe ambao Wajaluo huupanda kuzungushia maboma yao. Ukizungukwa na maji hufa, na shina lake hubaki wima humo majini, gumu kama mkuki.

Alijua kwa sababu alikuwa ameishi kule. Yeye na Odundo, marehemu mumewe, walijuana kwenye makambi ya Wasabato, ile mikutano ya juma zima ambapo Wakisii wa milimani na Wajaluo wa ziwani walikutana kuimba na kusikiliza mahubiri. Odundo alikuwa na sauti ya besi iliyosikika hata akinong'ona. Walioana, na Mokeira akashuka kwenda kuishi katika kijiji kilichokuwa na ziwa mbele yake na mashamba ya mtama nyuma yake. Kule hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, kama ilivyo desturi yao kumwita mke kwa jina la kwao. Alijifunza lugha, akajifunza kuparua samaki, akazika mtoto mmoja ambaye hakuwahi kutembea. Kisha Odundo naye akaugua tumbo, akafa, akazikwa mbele ya nyumba, na mawe yakapangwa juu yake.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha mpaka watu wakaacha kuizungumzia. Ziwa likaanza kupanda. Lilichukua kwanza bustani za ukingoni, halafu mazizi, halafu likafika vizingitini. Kijiji kizima kikahamia juu mlimani, kila mtu amebeba milango yake na mabati yake. Katika pilikapilika hizo Mokeira alifunga mzigo, akamwambia mama mkwe wake kwamba anakwenda kwao kupumzika wiki chache. Sasa ulikuwa mwaka wa uhuru, na wiki zile zilikuwa bado hazijaisha. Hakuna aliyemfukuza kule, wala hakuna aliyekuja kumchukua. Watu wa Kiogoro walidhani alikuwa amemkimbia Ochola, mdogo wake Odundo, ambaye kwa mila za kwao ndiye aliyetarajiwa kumrithi. Hilo lilikuwamo. Lakini lililomshinda hasa ni kuamka kila asubuhi, kuyatazama maji yaliyolala juu ya mumewe, kisha kushuka na mtungi kuteka maji yale yale ya kunywa. Jambo hilo hakumwambia mtu. Hakujua angelianzia wapi.

Obwocha kwa upande wake alikuwa ameutumia ujana wake Mombasa. Alikuwa baharia katika mashua ndogo ya tanga ya mpimaji mmoja, aliyekuwa akitafuta kina cha maji katika hori za pwani, zile ndimi za bahari zinazopenya bara katikati ya mikoko. Kazi ilipokwisha alirudi nyumbani na gunia la kamba, na ujuzi ambao hakuna mtu mlimani aliyeuhitaji. Ndipo ziwa likapanda na kuikata barabara ya chini. Ndizi za Kiogoro na Nyamache zikawa zinaivia migombani na kuliwa na ndege, na huko ng'ambo, katika masoko yaliyozungukwa na maji, watu walikuwa wakila samaki mchana na samaki jioni. Vyombo vikubwa havikuweza kuingia kwa sababu maji yalikuwa haba juu ya mashamba yaliyozama. Obwocha akaunda mashua yenye tako bapa, yenye usukani wa kunyanyuliwa, na ubao katikati ambao ungeweza kushushwa penye kina na kupandishwa penye maji machache. Ikiwa imejaa ndizi, ilitosheka na maji ya kufika kiunoni. Safari ya kwanza ndiyo hiyo iliyorudi kwa lori.

Alipokwisha kunawa na kula alimweleza dada yake yaliyompata. Alikuwa ameingia katika lile ghuba lililokifunika kijiji cha kina Odundo, kwa uangalifu wote, akipima maji kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na bado akajikuta amekwama.

"Kule pwani ukigusa chini unaketi," alisema. "Unachemsha chai. Kanuni ni kuingia maji yakiwa yanajaa, kwa hiyo hata ukikwama bahari yenyewe itakuja kukuinua. Hapa niliketi nikangoja. Jioni ikafika, upepo ukalala, na maji ndiyo kwanza yakapungua. Nikasukuma kwa nguvu, ndipo kile kigingi kikaingia."

Mokeira alimwongezea uji.

"Moiseke ominto," Obwocha akamwita, dada yangu, kwa sauti aliyokuwa akiitumia tangu utotoni alipotaka kuombewa msamaha kwa mama yao. "Wewe uliijua nchi ile kabla haijazama. Twende unionyeshe palipo na malango."

Mokeira akarudi uani kwenye maharagwe yake. Obwocha hakumrudia. Alikata kiraka cha ubao, akachemsha lami, akaanza kuiziba mashua, na Jumamosi akaiacha kama ilivyo kwa kuwa ni Sabato. Siku moja baadaye akachukua kaa la moto lililozimika, akawa anachora juu ya tumbo la mashua iliyopinduliwa, akijaribu kukumbuka alipopita. Hapa paa la shule ya kanisa lililobaki likichungulia juu ya maji. Hapa ua. Hapa ua mwingine.

Mokeira alipita na kuni kichwani, akasimama.

"Hapo si pa jirani yetu Nyagilo," alisema. "Nyagilo yuko huku."

Aliziweka kuni chini, akalichukua lile kaa. Alianza na shule. Akachora boma la Nyagilo na lango lake likitazama ziwani, maana malango yote ya kule yalitazama ziwani. Akachora kisima, bwawa la kunyweshea mifugo, na mti uliopigwa na radi. Kisha akachora mstari mrefu wenye kona mbili uliopita kati ya maboma yote, kutoka ufukweni mpaka juu.

"Hii ni njia ya ng'ombe. Walipita hapa asubuhi na jioni tangu enzi za babu zao, na kwato zao zimeichimba mpaka mtu akipita ndani unamwona kichwa tu. Ukiifuata hii hutakwama."

Obwocha aliutazama ule mstari kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta aliokuwa akiugonga kwa kichwa. Aliona vilevile kwamba kando ya kona ya pili dada yake alikuwa ameacha nafasi tupu, ya ukubwa wa boma moja. Hakuuliza. Jioni ile ile akapaka lami tumbo zima la mashua, na kijiji kile kikafunikwa.

Waliondoka wote wawili na lori asubuhi ya Jumatatu, Mokeira amepanda bila kuombwa tena, ndizi zimefunikwa kwa majani, mpaka mahali ambapo barabara ilitumbukia ziwani na kutoweka. Hapo wakaishusha mashua na kuipakia. Upepo wa asubuhi ulikuwa ukitoka nchi kavu, mwepesi, na wakaambaa nao kando ya ufuko huku tanga likijaa na kulegea. Mokeira alikaa mbele na upondo mapajani. Hakuwa amepanda chombo cha tanga tangu mumewe alipofariki. Alijiambia kwamba anayatazama maji tu, kama dereva anavyotazama barabara.

Walipozunguka rasi na kuliona ghuba, upepo wa nchi kavu ulikuwa umekufa. Walielea tu, wakila ndizi mbivu, wakingoja upepo wa mchana unaotoka ziwani. Obwocha alimsimulia habari za hori za pwani, jinsi maji yanavyokupwa na kuacha matope yakimetameta na kaa wakitoka mashimoni, na mashua imekaa kando kama ng'ombe aliyelala. Aliyapenda matope yale, alisema, kwa sababu uliweza kuona kwa macho yako kila kitu ambacho saa chache nyuma ulikuwa ukikiogopa.

Upepo ulipoanza kuvuma waliingia. Kulia kwao bati la shule lilikuwa na kutu, na ndege weusi wa maji walikuwa wamejipanga juu yake wakianika mbawa. Mokeira alizamisha upondo, akaupata mdomo wa njia ya ng'ombe. Chini palikuwa pagumu, pamekanyagwa, na kuta za pande zote mbili aliweza kuzigusa.

"Shika hapo hapo. Sasa kushoto, polepole. Huo ni ua wa Nyagilo, usiusogelee."

Chini ya maji viliweza kuonekana vigingi vya minyaa, vyeusi, vimevaa mwani wa kijani kama nywele. Mashua ikapita kando yake bila kugusa. Obwocha alikuwa amepandisha ubao wa katikati na kuunyanyua usukani, akiongoza kwa kasia tu, na tanga amelilegeza nusu. Walipita kisima. Walipita ule mti wa radi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mokeira alimsikia kaka yake akipiga mluzi.

Walipokata kona ya pili njia ikawa imefungwa. Kisiwa cha mafunjo, yale matete ya ziwani yanayong'oka na kuelea na mizizi yake, kilikuwa kimesukumwa na upepo mpaka kikaketi juu ya njia ya ng'ombe, kipana kama uwanja wa kanisa. Kurudi nyuma dhidi ya upepo ndani ya mfereji ule kusingewezekana. Obwocha aliishika mashua kwa upondo, akamtazama dada yake.

Mokeira aliyatazama yale mafunjo. Kisha akaonyesha kwa kidevu.

"Kuna lango pale," alisema. "Ukipita ndani ya boma utatokea nyuma, kwenye mwanya wa kwenda shambani."

"Boma la nani?"

"Pita tu, momura ominto," akamjibu, kaka yangu.

Lango lilikuwa pana, kwa kuwa Odundo alipenda ng'ombe waingie bila kusukumana. Mashua ilipita katikati ya nguzo zake mbili. Ikasonga kidogo, ikapunguza mwendo, ikasimama kwa mkwaruzo laini katikati ya ua. Obwocha alisukuma upande huu na upande ule. Haikutikisika. Alikumbuka kile kigingi, akaacha kusukuma.

"Lazima mtu ashuke," alisema. Akaanza kuvua shati.

Lakini Mokeira alikwisha kufunga gauni lake juu ya magoti, akatumbukia. Maji yalimfika kiunoni, yana uvuguvugu juu na baridi chini. Obwocha alimwonya kuhusu kamongo, samaki mwenye meno ambaye hujificha matopeni. Hakusikia. Miguu yake ilikuwa imegusa ardhi ngumu iliyosawazishwa kwa samadi na mkono wake mwenyewe, na ilikuwa bado haijalainika. Alipiga hatua moja. Kidole gumba kikagonga jiwe lenye shimo laini katikati, na mwili wake ukajua kabla ya kichwa kwamba ni jiwe la kusagia. Kwa hiyo jiko lilikuwa nyuma yake. Kwa hiyo mlango wa nyumba ulikuwa pale palipoelea jani kavu.

Alitembea. Hakuwa akitafuta njia ya mashua tena. Alitembea jinsi mtu anavyotembea gizani nyumbani kwake, mikono imetanda juu ya maji. Mguu wake ukakanyaga jiwe, halafu jingine lililolaliana nalo. Akaurudisha mguu haraka, akasimama.

"Umekanyaga nini?" Obwocha akauliza.

"Hapa ndipo alipo."

Obwocha alivua kofia. Aliketi juu ya ndizi zake akiwa ameishika kofia kifuani, hajui atazame wapi. Mokeira aliinama mpaka maji yakamfika shingoni, akanyoosha mkono, akayapapasa mawe yale moja baada ya jingine. Yalikuwa na utelezi. Moja lilikuwa limeporomoka kando, akalirudisha. Alikuwa amedhani, kwa muda wote ule aliokaa Kiogoro, kwamba maji yamemchukua Odundo na kumpeleka asikokujua. Na kumbe hakuwa amekwenda popote. Alilia, lakini si sana, na machozi hayakuwa na pa kuonekana.

Alipoinuka upepo ulikuwa umekaza. Aliona kwamba maji yaliyokuwa kiunoni sasa yalikuwa yakimgusa mbavu. Upepo wa mchana ulikuwa ukilisukuma ziwa ndani ya ghuba, kidogo kidogo, kiasi cha upana wa kiganja. Mashua ikajigeuza yenyewe.

"Basi ni saa hii," alisema Obwocha kwa mshangao wa chinichini. "Mimi nilisukuma jioni, ziwa likiwa linarudi."

Mokeira aliishika mashua kwa omo, ile ncha yake ya mbele, akaivuta kando ya mawe bila kuyagusa, akaitoa kwa ule mwanya wa nyuma.

Walipofika ufukoni watu waliteremka mbio kuziona ndizi. Ochola, shemeji yake, alikuwa wa kwanza kuishika kamba. Alimsalimu bila kumtazama sana usoni, akasema mama yuko juu na amekwishasikia, kisha akaenda kumsaidia Obwocha kupakua. Mokeira alipanda mlima na gauni lililolowa. Alikuwa ameyaandaa maneno tangu Kiogoro, lakini alipofika hakukumbuka hata moja.

Mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Min Odundo, mama yake Odundo, alikuwa ameketi juu ya ngozi mbele ya nyumba mpya. Alikuwa amezeeka kwa haraka. Macho yake yalianzia miguuni pa Mokeira, kwenye matope, yakapanda.

"Nyar Kisii," alisema. "Mmepitia wapi?"

"Tumepitia nyumbani, mama."

"Mawe yapo?"

"Yapo. Moja lilikuwa limeanguka, nimelirudisha."

Yule mama akatikisa kichwa polepole, akamwonyesha mahali pa kuketi karibu naye. Mokeira akaketi, akakiri kwamba alikuwa amesema wiki chache na hakurudi.

"Najua ulichosema," Min Odundo akajibu. "Mimi niliwaambia watu nimekutuma kwenu kutafuta mbegu ya wimbi. Walipouliza tena nikawaambia wimbi la Kisii limechelewa. Mwaka jana nikasema limeingia wadudu. Mwaka huu sikujua ningesema nini."

Mokeira aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa kuwa ilibidi aulize, kuhusu Ochola.

"Ochola?" Mama akashangaa kweli. "Ochola hawezi kumlisha hata huyo mke aliye naye. Nani aliyekuambia kwamba anakutaka?"

Wote wawili walicheka, na walipoanza kucheka walishindwa kuacha. Baadaye ndipo yule mama alipoeleza alichotaka. Tangu wahame, alisema, alijiona kama aliyemsahau mtoto mahali. Wengine waliohama zamani, watu wa ukoo wake, walibeba udongo wa makaburi yao wakaenda nao. Yeye na wenzake hawakuwahi, maji yaliwaharakisha. Aliomba mashua ikija tena apelekwe pale, achukue japo wa kujaza mkono.

Obwocha alipoambiwa njiani alikuna kichwa. Yeye alikuwa shemasi wa kanisa, na alijua Nyasani, mzee wa kanisa pale Kiogoro, angeuliza ni ibada gani hiyo. Aliwaza juu ya jambo hilo safari nzima ya kurudi. Mwishowe akasema kwamba yeye anabeba ndizi na abiria, na abiria akitaka kubeba matope, matope hayajakatazwa mahali popote anapopajua. Mokeira, alipofika nyumbani, alipima wimbi kutoka ghalani kwa mama yao, akalijaza kwenye kikapu, na safari iliyofuata akashuka nalo. Min Odundo alilipepeta mbele ya majirani, kwa madaha, akalalamika kwamba lina mawe.

Siku hiyo hiyo walimpakia mashuani, amejifunga shuka mbili, ameketi juu ya gunia katikati. Hakuwahi kupanda chombo chenye tanga katika maisha yake yote kando ya ziwa, alisema, kwa sababu wanawake wa umri wake hawakuchukuliwa kuvua. Obwocha alikuwa ameichagua saa ya upepo kwa makusudi. Walitoka ufukoni wakisukuma kwa upondo dhidi ya upepo ule, karibu karibu na matete, Mokeira akitafuta mwanya wa nyuma ya boma.

Hakuupata. Alizamisha upondo, ukagonga mizizi. Alisogeza mashua, akazamisha tena, mizizi tena. Kile kisiwa cha mafunjo kilikuwa kimeondoka juu ya njia ya ng'ombe na kuketi juu ya boma la Odundo, chote, na upepo ulikuwa ukizidi kukikandamiza. Walijaribu kuzunguka kwa upande wa lango. Obwocha akashuka, akajaribu kukata njia kwa panga, akazama matopeni mpaka kifuani, ikabidi avutwe kwa kamba. Alipopanda alikuwa akihema.

"Kitaondoka?" Min Odundo akauliza.

"Huenda wiki ijayo, mama. Huenda kikaota mizizi."

Mokeira aliona haya kama kwamba yeye ndiye aliyekileta kile kisiwa. Alikuwa amemwahidi mwanamke huyu jambo moja tu. Alianza kusema kwamba watajaribu siku nyingine, kwamba yeye mwenyewe atakuja kila Jumatatu, lakini yule mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameegemea ukingo, akiyatazama maji yaliyo chini yao.

"Sasa hivi tuko wapi?"

Mokeira alizamisha upondo, akapapasa. Matuta. Yalikuwa yamelainika, lakini yalikuwa matuta.

"Shamba la mtama, mama. Lile la karibu na mwanya."

"La jiwe jeupe?"

"Ndilo."

Min Odundo akaguna. "Hapa alijikata mguu kwa jembe, akiwa mdogo. Nilimfunga kwa khanga yangu mpya, nikampiga kwa sababu ya khanga. Halafu amelima hapa mpaka mwaka aliokufa." Akaongeza, kama mtu anayeagiza kitu dukani, "Chukua hapa."

Mokeira akatumbukia. Aliziba pua, akazama, akaingiza vidole kwenye tuta, akaibuka na matope meusi mikono miwili. Obwocha alikuwa ametandaza jani la mgomba. Mama aliyanusa, akatoa kipande cha bua kilichooza akakitupa, akalikunja jani yeye mwenyewe kwa uangalifu wa mtu anayefunga chakula cha safari. Walirudi na upepo nyuma yao. Hakuna aliyesali kwa sauti wala kuimba. Matope yale yaliwekwa mbele ya nyumba mpya, yakapangiwa mawe, na jioni hiyo Mokeira akalala kule kwa mara ya kwanza.

Habari ilienea, na maombi yakaanza kuja. Mmoja alitaka kuona alipolala mama yake. Mwingine alitaka tu kujua kama ghala lake limesimama. Ikawa mashua ikishusha ndizi na kabla haijapakia samaki, Mokeira husimama mbele na upondo na kuwapitisha watu malangoni mwao. Wengine walichota udongo, wengine walitazama tu. Siku moja Nyagilo na jirani yake walipanda pamoja kwa amani, na walipofika juu ya mashamba yao wakaanza kugombana juu ya mpaka, wakisimama na kuitikisa mashua, mpaka Obwocha akatishia kuwashusha wakapimie hapo hapo. Wakamtaka Mokeira aamue. Alipapasa chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akawaambia samaki wamekwishautoa mpaka, warudi nyumbani.

Miaka ilipopita ziwa lilirudi nyuma kiasi, ingawa halikufika lilipokuwa, na serikali ikachonga barabara nyingine juu zaidi. Malori yakachukua kazi ya ndizi. Obwocha akapanda chai kama majirani zake, akawa anaipeleka kituoni kwa kikapu na kulalamika bei kama wao. Mashua alimwachia Ochola, ambaye hakuwa mvuvi mzuri lakini aliitunza. Mokeira alijenga nyumba mlimani kule, karibu na Min Odundo, na kila baada ya mavuno alikuja Kiogoro kukaa, wiki chache kweli, kisha akarudi. Kaka yake alimtembelea mara nyingi. Wakati mwingine, mchana upepo ulipoanza kuvuma, waliteremka wote wawili, wakamwomba Ochola mashua, wakaingia ghubani bila mzigo wowote, wakalielekea boma la Odundo mpaka pale maji yaliporuhusu.